Hapana ya Bi Marlys

Kuna nchi ambako ukiomba kitu unajibiwa hapana kabla hujafika katikati ya sentensi, na kuna nchi ambako hapana hupakwa asali kwanza. Minnesota, kaskazini mwa Marekani, hawaipaki asali. Wameiondoa kabisa, wakaweka mahali pake kikombe cha kahawa. Mwonyeshe mtu wa huko nyumba uliyoipaka rangi ya zambarau: atasimama mbele yake kitambo, mikono mfukoni, kisha atasema, "Enhe. Hiyo ni tofauti." Ukiwa mgeni utamshukuru. Ukiwa mwenyeji utakwenda kununua rangi nyeupe.

Marlys Tollefsrud alizaliwa na kukulia humo, katika shamba la ng'ombe wa maziwa, na hakuna binadamu aliyewahi kumsikia akisema hapana. Alipokuwa msichana, kijana mmoja wa jirani, aliyenuka samaki tangu kiangazi hadi kiangazi, alimwomba wafunge ndoa. Marlys alimwambia kwamba hilo ni wazo la kupendeza na kwamba atalifikiria. Kijana alingoja miaka miwili, akachoka, akamwoa mtu mwingine. Kwenye harusi Marlys alipeleka keki.

Na huyu ndiye aliyeajiriwa na Chuo cha Granlund kuwashauri vijana wasome nini na wafanye kazi gani maishani.

Kazi yenyewe aliipata kwa njia ya ajabu kidogo. Alipokuwa mwanafunzi hapo hapo Granlund alianza na upishi na malezi, akahamia jiografia, akakimbilia saikolojia, akatua kwenye muziki wa kwaya, na mwishowe akapewa shahada ambayo jina lake lilikuwa refu kuliko maana yake. Ofisi ya ushauri ilipotafuta mtu anayezijua idara zote, ilionekana hakuna anayezijua kuliko yeye, maana karibu zote alikuwa amezitoroka. Wakampa meza, kiti cha kuzunguka na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Hajaondoka hapo.

Granlund, kama vyuo vingi vya nchi ile, humwacha kijana aonje onje masomo kwa miaka miwili, leo nyota, kesho ufinyanzi, halafu ifikapo Machi ya mwaka wa pili humkaba koo: chagua fani yako. Kabla ya Machi hiyo kila kijana hupita ofisini kwa mshauri. Walioingia kwa Marlys walikuta biskuti kwenye sahani, picha kubwa ya njia inayopita msituni yenye maandishi HAKUNA CHAGUO BAYA, na mwanamke mnene mwenye sweta lenye picha ya kulungu aliyewauliza swali moja alilolibuni mwenyewe.

"Kama pesa isingekuwa kitu," aliuliza, akiegemea mbele, "ungefanya nini?"

Vijana wakilisikia swali hilo macho huwalegea. Hakuna hata mmoja aliyewahi kujibu uhasibu. Mmoja alisema angechora farasi. Mwingine angekaa kando ya ziwa akiwaza. Marlys aliwaambia wote kwamba hilo ni jambo zuri sana, akamwandikisha wa farasi kwenye sanaa na wa ziwa kwenye falsafa, akawapa biskuti ya njiani. Wazazi wao, waliokuwa wakilipa, hawakuulizwa, na kwa kuwa nao walikuwa watu wa Minnesota, walisema, "Enhe. Hiyo ni tofauti," wakaendelea kulipa.

Yule wa ziwa, Keagan Dufresne, siku hizi hukaa kwenye kidirisha cha duka la kahawa barabara kuu, pale ambapo watu hununua bila kushuka garini. Kila asubuhi alipomwona Marlys uso ulimng'aa.

"Bi Marlys! Wewe ndiye uliyebadilisha maisha yangu!"

Kisha akamwongezea krimu bure. Marlys alichunguza uso ule miezi na miezi akitafuta kama kijana anamshukuru au anamsuta, asipate jibu. Mwishowe akawa anazunguka mji kufuata kahawa duka la mbali, lililo bovu.

Hayo yote angeweza kuyabeba mpaka kustaafu. Lakini alikuwa na binti.

Britta Tollefsrud alisoma Granlund bila ada, kwa sababu watoto wa wafanyakazi hawalipi, na alikuwa mwaka wa pili. Tangu Britta akiwa na miaka kumi Marlys alikuwa amempangia uhasibu. Hakuwahi kumwambia. Alimnunulia kikokotoo siku ya kuzaliwa, na alipofikisha miaka kumi na mitano akamnunulia kikubwa zaidi, akaamini ujumbe umefika.

Habari zilikuja jioni moja ya mwezi wa pili, nje theluji imefika kwenye vioo. Walikuwa watatu mezani: Marlys, Britta, na Verlyn, baba wa Britta, anayewauzia wakulima mitungi ya gesi na ambaye kwa kawaida huongea kama mtu anayelipia maneno. Walikuwa wamemaliza nyama ya kusaga iliyookwa na viazi. Katika sinia la keki ya rubarbu, mmea mchachu wa bustani za huko, kilibaki kipande kimoja, na kipande cha mwisho katika nyumba za huko hakiliwi. Hukatwa nusu na anayetaka, na nusu ile hukatwa nusu na anayefuata, mpaka ibaki chembe ambayo mama hutupa asubuhi akiona haya.

Britta alikichukua chote.

"Nimeamua," alisema, mdomo umejaa. "Nasoma Kinorwe."

Ni lazima ielezwe kwamba mababu wa Tollefsrud walitoka Norwe, kama mababu wa nusu ya mji, na kwamba walikuwa na haraka sana ya kukisahau Kinorwe. Kilichobaki ni sanduku la mbao la bibi lenye maua ya kuchorwa na maneno juu ya kifuniko. Ukoo mzima uliamini ni aya ya Biblia na ulishusha sauti ukipita karibu. Ni Britta, baada ya muhula mmoja wa darasa, aliyewasomea: Shuka za kitanda cha wageni. Wengine wangevunjika moyo. Yeye alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku hiyo hakutaka kusoma kitu kingine.

Verlyn alitazama kahawa yake. "Mm," alisema. "Kuna mabaya zaidi."

Marlys alihisi kitu kikimpanda kooni, kidogo, kigumu, cha herufi chache. Akakimeza.

"Enhe," alisema. "Hiyo ni tofauti."

Britta aliacha kutafuna. Alikuwa mwenyeji, aliielewa.

Vita vilivyofuata vilipiganwa kwa ukarimu mkubwa. Britta alikuta chini ya sahani yake vipande vya gazeti vya matangazo ya kazi za wahasibu. Alikuta kando ya choo kijitabu chenye picha ya watu wenye suti wakicheka mbele ya kompyuta. Jumapili moja baada ya kanisa alimkuta mezani binamu Loren, mhasibu wa mji wa pili, ambaye familia ilikuwa haijamwalika tangu mazishi ya bibi.

"Loren," alisema Marlys, akimpakulia viazi mara ya pili, "hebu tuambie habari za kazi."

"Nimenunua boti," alisema Loren.

"Ehe, na kazini?"

"Ina injini mbili. Ukiiwasha hata hujisikii ukiongea."

"Binamu," alisema Britta kwa upole wa kutisha, "wewe uhasibu unaupenda?"

Loren alifikiri. Alikuwa mtu mkweli, na alikuwa ameshiba.

"Boti naipenda," alisema.

Verlyn aliinuka ghafla akaenda kutazama kama theluji imeacha, na mabega yake yalionekana dirishani yakitikisika.

Marlys akaona ajaribu kazini kwake mwenyewe. Chuo kinakataza mshauri kumshauri mwanawe, hivyo Britta alikuwa chini ya Curtis Beaulieu, kijana wa meza ya pili, ambaye kila alichokijua katika kazi ile alifundishwa na Marlys. Akamwendea na biskuti.

"Curtis, ndugu yangu, sijui unaonaje. Siingilii. Ila nilikuwa nawaza, labda ungemwonyesha Britta na njia nyingine nyingine."

"Kama zipi?"

"Sina ninayoisema. Zile za namba namba."

Curtis aliutazama ukuta, akakitazama kiatu chake, akamtazama bosi wake. "Nilimwuliza kama pesa isingekuwa kitu angefanya nini. Akasema Kinorwe. Nikamwambia ni jambo zuri sana."

"Ni zuri, ni zuri."

"Hakuna chaguo baya, Bi Marlys."

"Hakuna, hakuna. Lakini..."

"Bango ni lako," alisema Curtis. "Langu ni nakala yake."

Huyo hakuwa wa kumsaidia. Kwenye korido akakutana na Profesa Ramona Escobedo, mkuu wa idara ya Kinorwe, ambaye pia ndiye aliyekuwa robo tatu ya idara hiyo. Alitoka Texas, mpakani kabisa, alijifunza Kinorwe kwa kumfuata mwanamume hadi Bergen, huko Norwe, mwanamume akapotea, lugha ikabaki, na sasa aliisema vizuri kuliko mtu yeyote katika mji ule wa wajukuu wa Wanorwe. Watu wa Texas hawana tabia hiyo ya Minnesota.

"Nasikia hunitaki," alisema Ramona.

"Jamani, Profesa! Nani kasema? Tunaiheshimu sana idara."

"Mwaka jana kengele yangu haikulia hata mara moja. Mwaka huu isipolia wananifungia idara. Binti yako anakuja kuiliza, na wewe unamlisha wahasibu. Kama una neno na mtoto mwambie mtoto. Usinisalimie kwa keki, mimi nina sukari."

Marlys alimwambia kwamba sweta lake limempendeza, akaondoka karibu akikimbia.

Hizo kengele ni mila ya Granlund. Chuo kilijengwa na wachungaji juu ya shamba la ng'ombe walilopewa sadaka. Ng'ombe waliliwa, kengele zao zikabaki. Siku ya kuchagua fani kila idara huweka meza ukumbini na juu yake kengele moja ya ng'ombe, na kila kijana hupita katikati ya watu wote, akaitikisa kengele ya fani yake, na umati ukashangilia. Idara isiyosikia kengele miaka miwili mfululizo hufungwa. Kwa hiyo siku hiyo maprofesa wenye nywele nyeupe, walioandika vitabu vinene, husimama nyuma ya meza zao wakiita abiria kama wapiga debe. Jiolojia hugawa mawe yanayong'aa. Falsafa huoka mikate ya mdalasini. Uhasibu hauoki kitu, huweka bakuli la peremende za jana na hungoja.

Na mshereheshaji wa siku hiyo, kila mwaka, juu ya jukwaa na kipaza sauti, ni Marlys.

Siku moja kabla ya kengele Britta aligonga mlango wa ofisi ya mama yake. Hakukaa. Alisimama chini ya bango la njia ya msituni, koti limejaa theluji.

"Mama, mimi nimechoka kula magazeti."

"Magazeti gani, mwanangu?"

"Nisikilize. Nimefikiria. Labda uko sahihi. Labda miaka kumi ijayo nitakuwa dirishani na Keagan nauza kahawa kwa Kinorwe, na hakuna atakayejua hata kama nimemtukana. Wewe ndiye umewaona mia na mia wakipita hapa, mimi sijaona hata mmoja. Basi tuelewane. Sema hapana."

"Britta."

"Neno moja. Sema, Britta, hapana, usisome Kinorwe. Ukilisema, kesho naenda kutikisa ya uhasibu, na sitanuna. Naapa. Nitanunua na boti."

Marlys alishika kingo za meza. Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake, mpana kama wa zizi. Ilibaki kupita tu. Alifungua mdomo. Neno lilikuja likafika nyuma ya meno, likakuta miaka hamsini na minne imepanga foleni mbele yake: keki zote, kahawa zote, kijana wa samaki, mama yake aliyemwambia daktari kwamba maumivu si makali sana na akafa wiki ileile bila kumsumbua mtu.

"Mimi," alisema Marlys, "nadhani... wewe unaonaje?"

"Mama!"

"Ni juu yako, mpenzi. Sisi tutafurahi kwa lolote."

"Hamtafurahi!"

"Tutafurahi," alisema Marlys, karibu kulia. "Chukua biskuti."

Britta alichukua mbili, kwa hasira, akatoka. Mlangoni aligeuka. "Una mpaka kesho. Nitakutazama kabla sijaishika."

Siku ya kengele ukumbi ulijaa mvuke wa makoti. Marlys alipanda jukwaani na sweta lake la kulungu, akawakaribisha, akaanza hotuba anayoitoa kila mwaka, ile ya kuufuata moyo. Ilipofika katikati, sauti yake ikafanya kitu kipya.

"Fuateni moyo," alisema. "Moyo... pamoja na viungo vingine. Kuna tumbo pia. Kuna meno, na bima ya meno. Si kwamba nawaambia kitu. Nawaza tu kwa sauti."

Maprofesa wa meza za mbele walitazamana. Lakini vijana walikuwa wenyeji. Waliposikia mwanamke asiyewahi kumkataza mtu kitu akitaja bima ya meno, walielewa kana kwamba amepiga yowe. Kijana wa kwanza, aliyekuwa amesimama tayari mbele ya falsafa na mkate wa mdalasini mkononi, alimaliza mkate, akapangusa vidole, akavuka ukumbi kwenda uuguzi. Wa pili akamfuata. Baada ya hapo ikawa kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Kengele ya uhasibu ililia mpaka mpini ukalegea, na profesa wake, mtu mpole asiyezoea kupendwa, alikuwa akigawa peremende na machozi yanamtoka. Jiolojia walibaki na mawe yao. Mzee wa falsafa aliketi, akaanza kula mikate mwenyewe.

Britta alikuwa wa karibu na mwisho. Alitembea taratibu hadi kwenye meza iliyokuwa na bendera ndogo, sahani ya chapati laini za viazi ambazo Ramona alizipika mwenyewe, na kengele ambayo haikuwa imeguswa tangu mwaka juzi. Ramona hakuita, hakutabasamu. Alikunja mikono.

Britta akageuka akamtazama mama yake.

Ukumbi mzima ukageuka naye, bila kujua kwa nini. Kipaza sauti kilikuwa kwenye midomo ya Marlys. Watu waliokaa mbele walisikia pumzi yake, moja, mbili, ikipanda kama ya mtu anayetaka kuinua gunia. Midomo ilijikunja. Ikafanya umbo.

"Jamani," alisema Marlys kwa ukumbi mzima, "kahawa bado ipo pale nyuma. Ya moto."

Kengele ya Kinorwe ililia. Ililia kwa muda mrefu, kwa nguvu, na haikusikika kama shangwe tu. Ndani yake mlikuwa na ghadhabu pia. Ramona Escobedo aliruka juu ya meza akamkumbatia msichana mbele ya watu, jambo ambalo katika ukumbi ule halijafanywa tangu ukumbi ujengwe.

Wiki iliyofuata mkuu wa chuo alimwita Marlys, akamwambia kwamba wazazi wamepiga simu wengi, wote kushukuru, na kwamba hotuba ya mwaka huu ilikuwa, akatafuta neno, tofauti. Marlys alirudi ofisini asijue kama amesifiwa au amefukuzwa. Baadaye ilijulikana kwamba amesifiwa. Falsafa haikumsalimia tena, lakini kwa adabu.

Jumapili walikaa mezani watatu. Hakuna aliyelizungumza jambo lenyewe, na keki ya rubarbu ilikuwa imefika kwenye kipande cha mwisho.

"Nimepewa kazi ya nyumbani," alisema Britta. "Nimfundishe mtu asiyejua. Baba, wewe?"

"Mimi natazama," alisema Verlyn.

"Basi mama. Tuanze na rahisi. Kukubali ni ja. Kukataa ni nei. Nikikuuliza, unajibu. Unataka kahawa?"

"Ja," alisema Marlys, akitabasamu kidogo.

"Vizuri. Unataka nikuongezee viazi?"

"Nei."

Neno lilitoka bila taabu. Marlys mwenyewe alishtuka, akaugusa mdomo.

"Tena. Unampenda binamu Loren?"

"Nei."

Verlyn alikohoa ndani ya kikombe.

"Boti yake?"

"Nei. Nei!" Mashavu yalikuwa yamemwiva. Alikuwa amekaa wima, kama msichana wa shule aliyegundua kwamba anaweza kupiga mluzi. "Uliza nyingine."

Britta aliuweka uma chini.

"Unataka nisome Kinorwe?"

"Nei," alisema Marlys.

Lilitoka safi, la mviringo, halina asali wala kahawa, likaangukia katikati ya meza kati ya chumvi na siagi, na wote watatu wakalitazama. Nje mtu alikuwa akisukuma theluji kwa koleo. Verlyn aliinua mkono kana kwamba anataka kulifunika kwa kitambaa.

Britta akavuta sinia, akakichukua kipande cha mwisho chote, akakiweka kwenye sahani ya mama yake.

"Umechelewa, mama," alisema. "Lakini matamshi safi kabisa."